Hisa zetu hazikupita New York, na chama kinasema nimekula pesa

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, ila huu ni mwaka wa sita niko Columbus, Ohio. Nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Nakuandikia kwa sababu nimeitwa mwizi, na aliyeniita ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu ambaye nimekula naye sahani moja miaka yote hii.

Tuna chama cha watu saba, wote wa pwani. Kila mtu hutoa dola 150 kwa mwezi. Mwanzoni tulikuwa tunapeana kwa zamu, mchezo wa kawaida kama wa nyumbani. Mwaka huu tukakubaliana pesa za miezi mitatu tununue hisa, tuone itakuwaje. Zilikuwa dola 3,150. Mweka hazina ni mimi, na mwenye akaunti kwenye programu ya simu ya kununulia hisa, ile isiyotoza kamisheni, ni mimi vilevile. Wakaniambia ninunue.

Jumatano jioni tulikaa kwa shemeji tukachagua kampuni moja iliyoorodheshwa soko la New York. Kila mtu alitazama kwenye simu yake: dola 18.40. Shemeji akapiga hesabu nyuma ya bahasha: hisa 160 ni dola 2,944, zinabaki dola 206. Bahasha ikapigwa picha, ikatumwa kwenye grupu la WhatsApp.

Niliingia kazini. Saa tano na dakika kumi usiku, wakati wa mapumziko, nikafungua programu, nikabonyeza nunua, hisa 160, nikarudi kwenye mizigo. Asubuhi nililala. Kuamka adhuhuri nakuta oda imetimizwa saa tatu na nusu na sekunde mbili, kwa dola 19.27. Jumla dola 3,083.20. Zimebaki dola 66.80, na bahasha inasema 206.

Shemeji akauliza kwenye grupu: "Dola 139 na senti 20 zimekwenda wapi?" Nikamjibu bei ilipanda. Akasema bei gani hiyo inapanda usiku, soko limefungwa? Mwenzetu mmoja aliyesoma uhasibu mwaka mmoja akaomba ile karatasi ya uthibitisho ya dalali. Nikatuma, mwenyewe, kwa mikono yangu. Hapo ndipo moto ulipowaka. Mahali pa soko hapakuandikwa New York. Pameandikwa kwamba oda imetimizwa nje ya soko rasmi, na kampuni ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia. Mhasibu akaandika: "Hizi si hisa za New York. Hizi ni za magendo." Mwingine akadakia kwamba Marekani kuna masoko ya giza ya matajiri, na huenda nimepitia huko nikapewa changu pembeni.

Mjomba, nilijitoa kwenye grupu. Leo siku ya nne. Mke wangu anazungumza na kaka yake akiwa amejifungia bafuni, maji yakifunguliwa ili nisisikie. Nimetazama rekodi: asubuhi ile hisa ilifunguka kwa 19.25. Sasa imerudi 18.90, na ujumbe unaonifikia ni kwamba nirudishe zile 139. Nimefikiria nizitoe mfukoni yaishe. Nilipe? Na hizi hisa ni zetu kweli, au nimeuziwa hewa?

Mweka hazina, Columbus


JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Usilipe hata senti. Mtu hulipa alichokula, na kwa karatasi ulizonitumia wewe hukula kitu. Makosa unayo mawili na nitakwambia bila kukupaka mafuta, lakini wizi haumo.

Tuanze na zile 139.20, maana shemeji yako ameuliza swali la haki na mpaka leo hajajibiwa. "Bei ilipanda" si jibu la kumpa mtu aliyekaa akapiga hesabu kwenye bahasha. Kutoka 18.40 hadi 19.25 iliyofungua asubuhi ni senti 85. Zidisha kwa 160, unapata dola 136. Hizo zilikwisha kwenda kabla oda yako haijaguswa na mtu. Angenunua shemeji mwenyewe asubuhi ile, au gavana wa Ohio, zingekwenda vilevile. Kilichobaki ni senti 2 kwa kila hisa, yaani dola 3.20 kwa oda nzima. Gawanya kwa watu saba, haifiki senti 46 kwa kichwa. Maneno yote ya magendo na giza na changu pembeni, ukubwa wake ni huo.

Sasa bei inapandaje na soko limefungwa? Ile 18.40 mliyoiona nyote kwenye simu ilikuwa bei ya kufungia ya Jumatano saa kumi jioni. Ilikuwa bei ya mtu mwingine aliyekwisha nunua na kwenda zake nyumbani. Baada ya hapo mitambo iliendelea kununua na kuuza mpaka saa mbili usiku, ikaanza tena saa kumi alfajiri. Kampuni za Marekani nazo hupenda kutangaza mapato yao ama jioni baada ya kengele ya kufunga soko, ama asubuhi kabla ya kengele ya kulifungua. Fungua habari za kampuni yenu za siku ile uone kilichotangazwa. Wenye kuamka mapema walikwisha ibeba bei hadi 19 na ushei, wewe ukiwa bado unapanga mizigo.

Hilo la kuuza na kununua nje ya saa za kengele halikuwa la watu kama wewe na mimi hadi mwaka 1999 hivi. Waliolifungua ni mitandao ya kompyuta ya kununua na kuuza nje ya soko rasmi, biashara ambayo mwenzenu anaiita magendo. Nitaieleza kidogo, kwa sababu Jumapili chama kikikutana utaulizwa.

Mimi nilikuwa karani wa dalali Nairobi enzi za kupiga kelele, kabla mitambo haijaingia mwaka 2006. Tulikuwa na ubao mweupe. Kijana anasimama na kalamu ya wino, anaandika bei, anaifuta kwa kiganja, anaandika nyingine. Kufika mchana mkono wake ni mweusi mpaka kifundoni. Bei ilikuwa ile iliyo ubaoni, na kila aliyemo chumbani aliiona ileile kwa wakati uleule. Nionavyo mimi, chama chenu kinadhani New York ni ubao kama ule, mkubwa zaidi tu. Sisemi mmekosea sana. Kwa hisa zilizoorodheshwa pale, kwa muda mrefu ilikuwa karibu hivyo. Kisha ubao ukapasuliwa vipande, na waliopasua walikuwa na sababu nzuri.

Sababu yenyewe ina nyumba hapo mjini kwako. Zamani bei za hisa Marekani zilihesabiwa kwa thumni ya dola. Thumni unaijua, usinitazame hivyo, bibi yako aliitumia. Thumni moja ni senti 12 na nusu. Mwaka 1994 wasomi wawili, William Christie wa chuo cha Vanderbilt na Paul Schultz wa Ohio State, hapo hapo Columbus, walichapisha uchunguzi wa hisa 100 zilizochangamka kwenye Nasdaq, soko jingine la hisa la Marekani. Wakakuta kwamba kwa hisa 70 kati ya hizo, madalali karibu hawatangazi kabisa bei za thumni witiri: moja ya nane, tatu ya nane, tano, saba. Wanaruka juu yake. Maana yake pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza halishuki chini ya robo dola. Habari ilipotoka magazetini mwezi Mei, ghafla thumni witiri zikaanza kuonekana kwenye hisa kubwa kubwa, Microsoft na Cisco zikiwemo. Watu waliokuwa hawazioni thumni hizo kwa miaka wakaziona ndani ya siku moja! Baadaye kampuni za madalali zililipa karibu dola bilioni 1 kumaliza kesi.

Weka pengo lile kwenye oda yenu: robo dola mara 160 ni dola 40. Nyinyi mnagombania 3.20.

Mitandao yenyewe ilikuwapo tangu zamani. Instinet ilianza kuuza na kununua mwaka 1969, lakini ilikuwa baraza la wakubwa, mifuko ya pensheni na mabenki, wakiuziana kwa mashine bila kupita kwa mtu wa kati. Nasdaq ilipozaliwa mwaka 1971 ilikuwa skrini ya kuonyesha bei tu. Ukitaka kununua unapiga simu. Na siku soko lilipoanguka, tarehe 19 Oktoba 1987, simu ziliita mpaka zikachoka, wa kuzipokea hakuna.

Baada ya kashfa ya thumni, SEC, ile tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa, ikatoa kanuni zilizoanza kutumika Januari 1997. Kwa lugha ya sokoni: dalali akipewa na mteja mdogo oda yenye bei nzuri kuliko yake, aionyeshe hadharani au aipeleke mahali itakapoonekana. Asiifiche chini ya meza. Mlango ukafunguka. Fundi wa programu aitwaye Joshua Levine alikuwa amekwisha tengeneza mtandao uitwao Island, uliokaa Broad Street namba 50, New York. Ulikutanisha oda ya kununua na oda ya kuuza kwa kompyuta, bila dalali kusimama katikati akikata chake, na daftari lake la oda lilikuwa wazi kwenye intaneti, ye yote alitazame bure. Chicago akatokea Gerald Putnam na Archipelago. Wengine wakafuata. Kwa jina la jumla wakaitwa ECN, mitandao ya kielektroniki ya kukutanisha oda, na kabla ya mwaka 2000 kwisha walikuwa wamechukua zaidi ya robo ya biashara ya hisa za Nasdaq. Mwaka 2001 thumni zikafutwa kabisa, bei zikahesabiwa kwa senti mojamoja.

Wakubwa hawakukaa kimya. Mwaka 2005 Nasdaq ilinunua mtandao uliotokana na Instinet na Island baada ya hizo mbili kuunganishwa. Mwaka 2006 soko la New York lenyewe, pamoja na kengele yake na nguzo zake, likaungana na Archipelago. Kabla hawajavuta pumzi, Kansas, mbali kabisa na Wall Street, kukazaliwa BATS mwaka 2005, na kufika 2008 ikawa soko rasmi. Hesabu za SEC zinaonyesha kwamba Januari 2005 soko la New York lilikuwa likitimiza asilimia 79 ya biashara ya hisa zilizoorodheshwa kwake. Oktoba 2009 ilikuwa imebaki asilimia 25. Kwa hiyo mpwa wangu, hisa ya New York kutonunuliwa New York si ajabu. Ndiyo kawaida.

Na kwa ajili ya yule mhasibu, ongeza hili: hata kama dalali angeipeleka oda yenu kwenye soko la New York, isingefika New York. Mashine za soko hilo ziko Mahwah, New Jersey. Za Nasdaq ziko Carteret, New Jersey. Lile jengo la nguzo linaloonyeshwa kwenye televisheni lipo, watu wamo, kengele inagongwa, ila mashine zinazokutanisha oda ziko kwenye maghala yasiyo na madirisha ng'ambo ya mto. Wewe mtu wa ghala utayaelewa kuliko sisi.

Kinachovifanya vipande vyote hivi viwe soko moja ni sheria. Masoko rasmi ya hisa Marekani sasa yanapita kumi na mbili, na pembeni yake kuna mitandao mingine karibu 30. Bei zote zilizotangazwa kwenye masoko rasmi hukusanywa, ikapatikana bei bora ya kununua na bei bora ya kuuza kwa sekunde hiyo. Anayetimiza oda yako, awe nani, awe wapi, hatakiwi kukupa bei mbaya kuliko hiyo. Na baada ya kutimizwa, hisa zote huishia kwenye daftari moja, la hifadhi kuu ya hisa iliyoko New York, kama ilivyo CDSC, hifadhi ya hisa ya kwetu Nairobi. Tangu tarehe 28 Mei 2024 makabidhiano hukamilika siku ya kazi inayofuata. Hisa iliyopita Mahwah na hisa iliyopita kwa mtu msiyemjua zikifika pale hazina alama ya kuzitofautisha. Hewa hukuuziwa.

Huyo msiyemjua ni nani basi? Nimelitazama jina kwenye karatasi, sitaliandika hapa. Ni mnunuzi wa jumla wa oda. Wakubwa wa kazi hiyo Marekani ni Citadel Securities na Virtu. Fikiria mnada wa samaki pale Deep Sea, kwenu Tanga. Kuna mchuuzi hasubiri boti ifike mnadani. Anamwendea mvuvi majini, anamwambia nakupa bei ya mnada na kitu kidogo juu, nipe mzigo wote. Mvuvi mdogo anafurahi. Mchuuzi anampenda mvuvi mdogo kwa sababu hana habari za ndani. Mwenye mtumbwi mmoja hajui kama kesho bahari itachafuka. Oda za watu wa simu ndizo hizo. Wanunuzi wa jumla wanazitaka kwa sababu hazina hila nyuma yake, na humlipa dalali wako ili azilete kwao. Ndiyo maana hukutozwa kamisheni. Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Mchezo huu wa kulipia oda ulienezwa, kati ya wengine, na Bernard Madoff, ndiyo, huyohuyo tapeli mkubwa wa uwekezaji, aliyekuwa akilipa senti moja kwa hisa miaka mingi kabla ule wizi wake mwingine haujajulikana. Uingereza umepigwa marufuku. Marekani unaruhusiwa mradi utangazwe.

Je, ni haki? Mimi siupendi. Dalali anayelipwa na mnunuzi ana mabwana wawili. Tarehe 17 Desemba 2020 SEC iliitoza Robinhood, mojawapo ya programu za simu zisizotoza kamisheni, dola milioni 65, ikisema kwamba kwa muda fulani wateja walipata bei duni na hawakuelezwa vizuri dalali anakula wapi; kampuni ikalipa bila kukiri wala kukana. Kwa hiyo kushuku si ujinga. Ujinga ni kushuku dola 139 wakati penye shaka ni 3.20, tena hizo huenda zikawa ni pengo la kawaida la asubuhi, maana sekunde za mwanzo baada ya kengele pengo huwa pana.

Masoko ya giza yapo, Wamarekani wenyewe huyaita madimbwi ya giza. Ni mitandao ambayo oda haionyeshwi mpaka itimizwe. Mfuko wa pensheni wenye hisa milioni moja za kuuza hautaki kupiga kelele, maana bei itakimbia kabla haujamaliza. Kimsingi si dhambi. Dhambi ni kumdanganya mtu aliyemo gizani: Januari 2016 benki ya Barclays ililipa dola milioni 70 na benki ya Credit Suisse zaidi ya milioni 84 kwa mambo ya namna hiyo. Lipo pia soko la IEX, lililopata kibali cha kuwa soko rasmi mwaka 2016. Oda hupitishwa kwenye waya wa nyuzi za kioo wa kilomita 61, uliokunjwa ndani ya kasha, ili wenye mashine za kasi wacheleweshwe sehemu 350 za milioni ya sekunde. Napenda kuusimulia waya ule, basi tu. Kwa hisa zenu 160 hauwahusu.

Linalowahusu ni kosa lako la kwanza. Ulibonyeza nunua, basi. Hiyo ni oda ya bei yo yote. Umeuambia mtambo: nipe hisa 160, bei nitakayoikuta ni hiyohiyo. Ukaiacha ilale usiku kucha bila kikomo cha bei. Tarehe 6 Mei 2010, saa tisa kasorobo alasiri ya New York, soko liliporomoka na kuinuka ndani ya dakika chache. Wanunuzi walijitoa kwenye mitambo, na oda za kuuza zilizowekwa kama yako, bila kikomo, zikateremka ngazi mpaka chini kabisa. Hisa ya Accenture, iliyokuwa ikiuzwa karibu dola 40, ikauzwa kwa senti moja. Senti moja! Biashara za ajabu kupita kiasi zilifutwa jioni yake, lakini si zote zilizoumiza watu.

Kwenye programu yako, chini ya neno nunua, kuna mahali pa kuchagua oda yenye kikomo. Ungeandika 18.60, asubuhi ile usingenunua kitu, pesa zote 3,150 zingekuwapo, na siku ya pili ungeuliza chama: imefika 19.25, tuifuate au tuiache? Hilo lingekuwa swali la watu saba. Ulilifanya la mtu mmoja, usiku, kwenye mapumziko. Shemeji yako ana haki ya kukasirikia hilo, hata kama neno alilochagua si lake kulisema.

Kosa la pili ndilo linaloninyima raha. Akaunti ni yako. Jina ni lako. Kwa makaratasi ya dalali, hisa zile 160 ni zako peke yako, na chama hakina karatasi hata moja inayosema vinginevyo isipokuwa picha ya bahasha. Mwisho wa mwaka fomu ya kodi itakuja kwa jina lako. Ukifa leo, Mungu apishe mbali, warithi wako wanaweza kuzichukua, na mke wako atasimama katikati ya watoto wake na kaka yake. Huko Marekani watu hufungua klabu ya uwekezaji: inasajiliwa kama ubia, inapata namba yake ya kodi, na madalali wengi hukubali kuifungulia akaunti kwa jina lake. Kuna karatasi za kodi za kujaza kila mwaka. Mpeni yule mhasibu wenu, apate kazi ya kufanya badala ya kunusa magendo. Mpaka hilo likamilike, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja, watu saba mtie saini: pesa ni za nani, nani anaruhusiwa kubonyeza, na kwa kikomo gani.

Leo rudi kwenye grupu. Mweka hazina hajitoi kwenye grupu. Mwenye ufunguo wa kasha akitoka mlangoni, waliobaki ndani watasema nini? Huna haja ya hotuba. Tuma vitu vitatu: picha ya oda yenye saa uliyoiweka, karatasi ya uthibitisho, na bei ya kufungulia ya siku ile. Chini yake andika 136 na 3.20, basi.

Kisha mwandikie dalali wako barua pepe, uombe taarifa ya oda zako: zilipelekwa wapi, na zilitimizwa saa ngapi. Kanuni za SEC zinakupa haki ya kuuliza oda za miezi sita iliyopita na yeye analazimika kujibu. Muulize pia, kwa oda hii, bei bora kwenye masoko ilikuwa ngapi sekunde ile. Ikiwa ilikuwa chini ya 19.27, mlalamikie kwa maandishi, na akikwepa pelekeni FINRA, wasimamizi wa madalali. Nadhani mtakuta haikuwa chini.

Kuhusu hisa yenyewe kurudi 18.90, hiyo ni biashara, chama kizima kimepoteza senti 37 kwa hisa kwenye makaratasi, kiamue chenyewe kukaa au kutoka. Usiwasaidie kuchanganya hesabu mbili.

Na kabla ya Jumapili, nenda kwa shemeji peke yako, usimtume mke wako na usipige simu. Iombe ile bahasha. Kaeni mezani, mpe kalamu, wewe msomee namba kutoka kwenye karatasi, yeye apige hesabu mwenyewe upande uliobaki mweupe.